Muswada wa ndugu wawili waliopeana kisogo, mmoja ana usonji: wasomaji wanasema "huyu ni mashine"

kurasa_18

Wakuu, nina muswada wa filamu fupi, kurasa 18, yaani dakika 18 hivi kwa hesabu ya ukurasa mmoja dakika moja. Ndugu ni wawili. Rashidi, miaka 41, aliondoka nyumbani miaka 14 iliyopita na hajakanyaga tena. Badi, miaka 36, ana usonji, alibaki na mama. Mama amefariki, nyumba haiuzwi bila saini mbili, kwa hiyo Rashidi anarudi kwa siku moja kuifuata saini ya pili. Sini (vipande vya tukio) zote zimo ndani ya nyumba hiyo. Waigizaji ni wawili na daktari mmoja anayetokea ukurasa wa 6. Upigaji siku mbili, watu watano nyuma ya kamera.

Wasomaji watatu wamerudisha maoni yanayofanana. Kwanza, Badi anaongea kama mashine ya kujibu simu. Pili, daktari wa ukurasa wa 6 anatoa somo. Tatu, ukurasa wa 18 ndugu wanakumbatiana na hakuna aliyeamini.

Nataka kujua: namrekebisha vipi Badi bila kumfanya "wa kawaida"? Sini ya ukurasa wa 12, anapozidiwa na kelele, inapigwaje? Na je, nafasi hii apewe mwigizaji mwenye usonji, na kama ni hivyo seti inabadilika nini?

---

Kalamu_Kavu

Mkuu, tuanze na kalamu kabla ya kamera, maana kasoro iko huko.

Chora safu tatu kwenye karatasi: namba ya sini, Rashidi anataka nini, Badi anataka nini. Jaza kwa vitenzi. "Kupata saini kabla ya saa kumi" inafaa. "Ana huzuni" haifai. "Ana usonji" haifai kabisa, hiyo si haja ya mtu. Nabashiri safu ya Badi itabaki tupu karibu yote, kwa sababu umemweka pale ili Rashidi apate wa kumkasirikia mwanzoni na wa kumpenda mwishoni. Umashine unatoka hapo, wala si kwenye namna anavyoongea. Asiyetaka kitu ni samani, hata ukimpa maneno ya mshairi.

Mpe haja inayogongana na ya Rashidi bila kuwa kinyume chake. Mfano: Badi anapanga vitu vya mama kabati kwa kabati, makabati manne, kwa mpangilio ule ule aliouacha mama. Rashidi anapoingia, Badi yuko kwenye kabati la pili. Hajakataa kusaini. Atasaini likiisha la nne. Sasa una saa inayogonga bila kuandika saa yoyote, na Rashidi ana sababu ya kuingiza mikono kwenye makabati ili kazi iishe haraka. Hapo ndipo anaharibu mpangilio, na hapo ndipo ukurasa wa 12 unazaliwa. Ukificha ndani ya kabati la tatu kitu kinachohusu kuondoka kwake miaka 14 iliyopita, makabati yenyewe ndiyo yanayoendesha hadithi.

Filamu ambayo kila mtu atakutajia ni *Rain Man* ya 1988, ile iliyochukua Oscar nne ikiwemo ya filamu bora. Itazame tena ukiwa na kalamu mkononi, ukiacha sini ya kamari. Raymond, ndugu mwenye usonji, anakataa kupanda ndege. Kisha anakataa barabara kuu. Kisha mvua ikinyesha anakataa kutoka chumbani. Kila kukataa kunarefusha safari, na urefu wa safari ndio unaowalazimisha ndugu kufahamiana. Ukiondoa tabia ya Raymond, filamu haipo, mtu angefika kwa ndege siku hiyo hiyo. Tena anayebadilika pale ni Charlie, yule ndugu asiye na usonji. Raymond anarudi alikotoka akiwa karibu vile vile alivyotoka. Kwako umefanya kinyume: Badi ndiye anayejifunza kukumbatia, Rashidi anapokea tu zawadi. Kwa hiyo hawakuamini.

Ila usiige kipaji. Kim Peek, mtu aliyempa mwandishi Barry Morrow wazo la Raymond, hakuwa na usonji. Ubongo wake ulikosa kiungo kinachounganisha nusu zake mbili. Baada ya filamu ile watazamaji wengi walianza kudhani kila mwenye usonji anakariri vitabu vya simu na kuhesabu karata. Vipaji vya namna hiyo wanavyo wachache. Na kwenye filamu ya dakika 18 kipaji kina hasara nyingine: kinageuka ada ambayo Badi anailipa ili astahili kupendwa.

Daktari mfute leo. Anachokieleza kwa nusu ukurasa kionyeshwe kwa maneno mawili yanayopishana:

RASHIDI: Kesho utasaini?
BADI: Kesho Jumanne.

Rashidi anasikia "sitaki". Badi amejibu kikamilifu: Jumanne asubuhi ni zamu ya kufua, hivyo hapana asubuhi, ndiyo mchana. Hakuulizwa saa ngapi. Mtazamaji akiona pande zote mbili zimekosea, hahitaji daktari. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kuhusu jambo hili kwamba kutoelewana kunatoka pande zote mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Kwa muswada wa ndugu waliotengana hiyo ni dhahabu. Hesabu mara ambazo Badi anamwelewa vibaya Rashidi, kisha hakikisha Rashidi naye anakosea idadi hiyo hiyo au zaidi.

---

FundiSauti

Naongelea ukurasa wa 12 tu.

Kosa la kawaida kwenye sini ya kuzidiwa: sauti inazibwa kama mtu yuko chini ya maji, mlio mwembamba wa "tiiii" unaingia, kamera inatikisika, kata, kata, kata. Hiyo ni sini ya bomu kwenye filamu za vita. Kwa watu wengi wenye usonji mambo ni kinyume, hakuna kinachozibwa. Masikio ya wengi wetu yanasukuma mlio wa friji nyuma na kumleta anayeongea mbele. Mchujo huo ukiwa dhaifu, friji, saa ya ukutani, mfuko wa plastiki na sauti ya kaka vyote vinagombea nafasi ile ile ya mbele. Mwongozo wa uchunguzi wa Marekani, DSM-5 wa 2013, ndio ulioingiza tofauti za hisi kwenye vigezo vya usonji, kwa pande zote mbili: kuhisi kupita kiasi na kuhisi kidogo mno.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye mchanganyo wa kawaida wa sauti za filamu, mazungumzo hukaa kama desibeli 15 hadi 20 juu ya sauti za mazingira. Anza sini hivyo. Kisha, ndani ya sekunde 40, pandisha mazingira polepole, USISHUSHE mazungumzo, mpaka tofauti ibaki desibeli 3 hivi. Mtazamaji hatajua kilichobadilika, atajikuta tu anainama mbele kumsikia Rashidi. Ukifika hapo, ongeza sauti moja ya karibu ambayo Rashidi mwenyewe anaitoa bila kujua, mfano funguo anazozungusha kidoleni. Usiweke muziki.

Ili hilo liwezekane lazima kila sauti uirekodi peke yake. Friji: maiki sentimita 10 nyuma yake, dakika mbili. Saa: maiki karibu nayo, madirisha yamefungwa. Funguo: aina tatu za kuzungusha, polepole, haraka, na kudondosha mezani. Ukimya wa kila chumba: sekunde 60, watu wote wamesimama kimya, maiki pale pale ilipokuwa wakati wa mazungumzo. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, vilele vya mazungumzo karibu na desibeli −12. Wengi wanaruka ukimya wa chumba kwa sababu kila mtu anataka kwenda kula, halafu kwenye uhariri kila kiungo kinasikika kama mlango.

Wakati wa kupiga mazungumzo yenyewe, ZIMA friji. Ikiwaka na kuzimika katikati ya teki (mpigo mmoja wa sini), huwezi kuunganisha teki ya pili na ya tano. Na ukiizima, weka funguo za gari ndani yake. Hutaondoka bila kuiwasha tena.

Kwa picha: kama nyumba ina taa za tyubu zenye balasti (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) ya zamani, zinapepesa mara mbili ya masafa ya umeme, yaani mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, mara 120 kwenye wa 60. Ukipiga fremu 24 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) sekunde 1/50 kwa hezi 50 au 1/60 kwa hezi 60, la sivyo utapata mawimbi kwenye picha. Ukitaka mpepeso uonekane kwa makusudi, uongeze kwenye uhariri ambako unaudhibiti, na usivuke miali mitatu kwa sekunde, kuna watazamaji wenye kifafa.

Jingine, si la sauti lakini limo ndani ya sini hiyo. Mtu aliyezidiwa si mtoto anayelilia pipi. Hana anachokidai, kwa hiyo kumbembeleza au kumpa anachotaka hakukatishi kitu. Na kelele ikiisha yeye hajaisha. Kama mstari wa kwanza wa ukurasa wa 13 Badi anaongea kwa utulivu, weka pengo la muda linaloonekana: mwanga umehama ukutani, chai ya Rashidi imepoa mezani. Vilevile si lazima apige kelele. Kuna wanaonyamaza kabisa, maneno yanakauka. Kwa waigizaji wawili na nyumba moja, mimi ningechagua ukimya; ni mgumu zaidi kwa Rashidi kuukabili.

---

kurasa_18

Nimefuta daktari, nimeingiza makabati. Kurasa sasa 16. Safu ya Badi ilikuwa tupu sini saba kati ya tisa, aibu tupu.

Limebaki la mwigizaji. Na ukurasa wa mwisho bado unanigomea: nikitoa kumbatio, sini inaisha bila kitu.

---

mratibu_seti

Tangaza nafasi kwa waigizaji wenye usonji kwanza, na uandike hivyo wazi kwenye tangazo. Majaribio yawe hivi: kurasa mbili zitumwe angalau siku tatu kabla, ueleze nani atakuwepo chumbani na itachukua dakika ngapi, na uruhusu video aliyojirekodi mwenyewe. Usimpe mtu karatasi mpya mlangoni. Hapo utakuwa unapima namna anavyopokea mshtuko, na uigizaji wenyewe hutauona.

Ukishampata, mengi ya kubadilisha ni kazi ya ratiba tu, fedha hazihusiki sana:

- Ratiba ya siku itumwe saa 48 kabla, pamoja na picha za kila chumba, choo, na mahali pa kula. Mabadiliko yote yapitie kwa mtu mmoja. Watu wanne wakimletea habari nne, umeshapoteza nusu ya asubuhi.
- Chumba kimoja cha utulivu, mlango unafungwa, taa hafifu, na hakigeuzwi kuwa stoo ya stendi. (Kitageuzwa. Bandika karatasi mlangoni.)
- Klapa, kile kibao kinachogongwa ili kulinganisha picha na sauti, usiigonge karibu na uso wake. Igongwe mwishoni mwa teki, au ifungwe polepole. Kwenye uhariri bado utaona fremu inapokutana.
- Nguo zake azivae nyumbani siku mbili kabla. Lebo zikatwe. Maiki ya kubana kifuani, pamoja na ile gundi yake, inaweza kuwa mateso ya siku nzima, kwa hiyo panga maiki ya fimbo tangu mwanzo.
- Taa za tyubu alizozitaja FundiSauti zizimwe kabisa. Shata inaiokoa kamera, lakini yeye yumo chini ya taa hizo kwa muda wa saa kumi.
- Hakuna anayemgusa bila kusema: vipodozi, nywele, mtu wa maiki.

Namna ya kumwongoza: maelekezo yanayofanyika. "Toa uchungu zaidi hapo" haimsaidii, na kusema kweli haimsaidii mwigizaji yeyote. "Shika kitasa, usikizungushe, hesabu mpaka nne, kisha uangalie viatu vyake" inafanyika. Teki zikizidi tano kwa mpangilio ule ule, simamisha, badilisha pembe, rudi.

Sini ya ukurasa wa 12 ipigwe mwisho wa siku ya kwanza, chumba kiwe kimya kabisa wakati wa kupiga. Kelele zote ni za FundiSauti, zitaingia baadaye. Kuna waongozaji wanaowasha kelele za kweli ili "atoe cha kweli". Hiyo ni kumuumiza mtu mbele ya kamera, na teki yenyewe haihaririki.

Ukikosa mwenye usonji na ukampa nafasi asiye nao, mkataze kukusanya vitendo kutoka kwenye video za mtandaoni. Atakuja na kumi: kuyumba, kupiga vidole, kukwepa macho, sauti bapa, vyote kwa pamoja, sini ya kwanza. Mchagulie viwili. Kila kimoja kiwe na kazi. Mfano, anasugua ukingo wa kitambaa akifikiri, na anayumba akifurahi. Ndiyo, akifurahi, miondoko ya kurudiarudia si alama ya dhiki tu. Macho nayo: Badi amtazame Rashidi vizuri tu wakati Rashidi anaongea na simu au amegeuka. Anaacha kutazama pale anapotakiwa kujibu, kwa sababu kutazama na kutafuta maneno kwa wakati mmoja ni kazi mbili.

Na mwenye usonji awepo kwenye kusoma muswada, hata kama hachezi, naye alipwe. Sasa hivi, kabla ya kurasa kufungwa. Ukimleta baada ya kupiga unamwomba muhuri tu.

---

mhariri_usiku

Hapo kwenye macho nakubaliana na mratibu, ila nimpinge FundiSauti kidogo. Sini nzima ya 12 ukiifanya kwa masikio ya Badi, utampoteza Rashidi, na filamu hii ni ya wawili. Sekunde 40 ni nyingi bila kurudi. Weka sehemu moja katikati, sekunde mbili au tatu, tukiwa kwenye uso wa Rashidi na mchanganyo umerudi wa kawaida: chumba kimya, funguo zinalia kidogo, yeye haoni tatizo liko wapi. Kisha rudi kwa Badi pale pale ulipoachia. Tofauti ya zile sauti mbili itasema yote aliyosema daktari.

Pia, kabla ya ukurasa wa 12 wapige ndugu kwenye fremu mbili tofauti, kila mmoja peke yake, hata wakiwa meza moja. Fremu ya pamoja iwekee akiba. Ukiwaweka pamoja ukurasa wa 2 kwa sababu chumba kinapendeza, umeitumia.

---

FundiSauti

Sawa, napokea. Lakini kuruka kwa mchanganyo kuwe kwa kukata moja kwa moja. Ukififisha polepole itasikika kama hitilafu.

---

Kalamu_Kavu

Kuhusu kumbatio. Wengi wanakwambia "wenye usonji hawapendi kuguswa". Si sahihi kwa wote. Wapo wanaochukia mguso mwepesi, kidole begani, lakini wanatulizwa na mkandamizo mzito. Kwa hiyo kumbatio si uongo lenyewe. Uongo ni kwamba Badi anampa Rashidi anachokitaka Rashidi, kwa namna ya Rashidi, ukurasa wa mwisho.

Jaribu njia ya maneno ya kuazima. Watu wengi wenye usonji hutumia sentensi walizosikia kwingine, za mzazi, za redio, kwa maana yao wenyewe. Wataalamu wanaiita ekolalia, na zamani ilichukuliwa kuwa kelele tupu. Siku hizi inaeleweka kuwa mara nyingi ni mawasiliano kamili. Mpe Badi sentensi moja ya mama: "Funga mlango, upepo unaingia."

Iweke mara tatu tu. Ukurasa wa 3, Badi anaisema mlango ukiwa umefungwa tayari. Rashidi anaangalia mlango, anaona hakuna maana, mtazamaji pia. Ukurasa wa 10, kwenye kabati la tatu, tunapata habari kwamba hayo ndiyo mama aliyoyasema asubuhi Rashidi alipoondoka, naye Badi alikuwa amesimama pale. Hakuna anayeeleza, Rashidi anaisema mwenyewe kwa sauti ya chini, anaimalizia kabla ya Badi, basi. Ukurasa wa 16 saini imeshawekwa, Rashidi yuko kizingitini na begi. Badi anasema, "Funga mlango, upepo unaingia." Sasa mtazamaji anajua maana yake ni usiondoke.

Mtego wa mbinu hii ni kuirudia mara ya nne, au kumfanya Rashidi aseme "unamaanisha nibaki?" Ukiandika hivyo umemrudisha daktari kupitia dirishani. Mtego wa pili ni sentensi yenyewe kuwa nzuri mno. Iwe ya kawaida kabisa, ya kusemwa na mama yeyote akiwa anapika.

---

kurasa_18

Hii imenikaa. Sasa Rashidi afanye nini? Akibaki ni hadithi ya watoto. Akiondoka, saini yote ilikuwa ya nini?

---

Kalamu_Kavu

Afunge mlango. Usiandike upande gani.

---

mhariri_usiku

Na hapo ndipo fremu ya pamoja uliyoiwekea akiba inatumika: kamera ndani, kwenye stendi, lenzi ya milimita 35, Badi mbele karibu na kabati la nne, Rashidi nyuma kizingitini. Badi asigeuke. Piga teki mbili kwa kila namna, amebaki ndani na amebaki nje, ili uwe na za kuchagua, lakini kwenye uhariri kata kwenye picha nyeusi nusu sekunde kabla mlango haujagonga fremu yake. Kisha sauti ya kitasa, kavu, bila muziki. FundiSauti, kitasa hicho kirekodiwe kutoka pande zote mbili.

---

FundiSauti

Kitarekodiwa kutoka upande mmoja tu, wa ndani. Masikio ni ya Badi. Na mpake mafuta bawaba kabla ya kuanza, siku ya kwanza asubuhi, la sivyo mlango utalia kwenye kila teki na mtaishia kuutafuta mlango mwingine saa tano usiku.